Sauti za Wazee Zisiachiwe Mkoba wa Mwanafunzi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali inayokusudiwa hapa si ada za uanachama, ambazo mweka hazina hutakiwa kuzitolea hesabu kila mwisho wa muhula. Ni sauti. Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili, wa shahada ya kwanza na wa uzamili, hushika njia kwenda nyanjani wakiwa na vinasa sauti. Huyu huelekea Pate na Siyu kuwatafuta wajuzi wa tenzi, yule hushuka Vanga na Wasini kukisikiliza Kivumba, mwingine hubaki papa hapa jijini akirekodi mazungumzo ya makondakta. Tasnifu huandikwa, hutetewa, hujaladiwa na kupangwa rafuni maktabani. Je, sauti zenyewe huenda wapi?

Huenda mkobani. Hubaki katika flashi, katika kadi ya simu au katika tarakilishi ya mkononi ambayo mwenyewe atakwenda nayo atakapohitimu. Flashi huangushwa ndani ya matatu. Tarakilishi huibwa hosteli. Kadi hufutwa ili ipatikane nafasi ya picha za mahafali. Siku mzee aliyerekodiwa anapoiaga dunia, kinachosalia ni maneno yake yaliyonukuliwa katika kiambatisho cha tasnifu, bila mahadhi, bila kituo cha pumzi, bila kicheko cha hadhira. Ni kinaya kikubwa kwamba taaluma inayofundisha tangu mwaka wa kwanza kuwa utendaji ndio uhai wa fasihi simulizi ndiyo hiyo hiyo inayouacha utendaji huo upotee.

Haikuwa hivi kila mahali. Mnamo 1970 J.W.T. Allen alichapisha katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi hiyo iliorodhesha pia kanda za sauti. Kanda ilihesabiwa kuwa hati sawa na mswada. Idara za leo, zenye vyombo ambavyo Allen hakuvipata hata ndotoni, hazina udhuru.

Chombo kinachofaa kwa kazi hii si cha ajabu wala si cha matajiri pekee. Ni ghala ya mtandao, yaani kisanduku kidogo kinachotosha juu ya kabati, chenye nafasi za diski mbili, nne au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na mtandao wa ndani wa idara. Hakihitaji kiwambo wala kibodi. Huendeshwa kutoka tarakilishi nyingine yoyote iliyo katika mtandao huo. Kwa mwanafunzi aliyeketi maabarani, ghala hiyo huonekana kama folda moja tu zaidi, isipokuwa folda hii haihitimu.

Wapo watakaouliza iwapo ukubwa wake utatosha. Na wafanye hesabu. Chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, hupendekeza sauti ihifadhiwe kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na kina cha biti 24. Kwa kiwango hicho, saa moja ya sauti ya njia mbili huchukua takriban gigabaiti moja. Saa 500 za masimulizi, ambazo ni kazi ya vizazi kadhaa vya wanafunzi, ni kama nusu terabaiti. Diski mbili za terabaiti nne nne, zikipangwa moja iwe kioo cha nyingine, zitaihudumia idara kwa miaka mingi, na diski moja ikifa, nyingine itaendelea kazi huku mpya ikitafutwa.

Mpangilio huo wa diski kusaidiana huitwa RAID, na msingi wake ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapa ndipo wengi hupotoka. Huona diski mbili wakadhani wana nakala mbili. La hasha! Kioo huakisi kila kitu, hata kosa. Mwanafunzi akifuta folda ya Siyu kwa bahati mbaya, imefutwa katika diski zote mbili papo hapo. Aidha, kisanduku kikiibwa, kimeibwa na diski zake zote. Mnamo Aprili 18, 2021 moto uliteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake kuhusu Afrika. Mnamo Desemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti, si kwa moto wala wizi, bali kwa kasoro katika programu iliyokusudiwa kutengeneza nakala za akiba. Kwa hivyo kanuni ya wahifadhi ni nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja kati yake iwe mahali pengine. Mahali pengine si chumba cha pili. Ni kampasi nyingine, au chuo rafiki ambacho nacho kitaleta nakala zake zitunzwe huku. Na kila muhula faili moja irejeshwe kutoka katika nakala hiyo na isikilizwe mwanzo hadi mwisho.

Wengine hushikilia kwamba wingu la intaneti latosha na ni la bure. Ubure huo una mwenyewe. Mnamo Februari 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu ingekoma, na kiwango cha msingi kikawa terabaiti 100 kwa chuo kizima. Wingu ni mahali pazuri pa nakala ya tatu. Halifai kuwa ghala pekee.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haimo katika diski. Imo katika katiba ya chama. Viongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika kila mwaka, na katibu anayeondoka huondoka na nywila kichwani. Ni mara ngapi chama kimefungua akaunti mpya ya barua pepe kwa sababu ya zamani haifunguki? Ghala ikikabidhiwa kwa mtindo huo, heri isinunuliwe. Mamlaka ya juu yawe ya idara: nywila kuu ishikwe na fundi wa maabara, na nakala yake iwekwe katika bahasha iliyofungwa ofisini mwa mwenyekiti wa idara. Wanachama wapewe akaunti zao binafsi, zifungwe wanapohitimu, na wengi wao waweze kusoma bila kufuta. Umeme nao una desturi zake zinazojulikana; betri ya akiba inayokiamuru kisanduku kijizime kwa utaratibu ni sehemu ya bei, si anasa.

Milango ya ghala isifunguliwe kwa intaneti eti mtu asikilize akiwa nyumbani. Mnamo Aprili 2021 wahalifu walivivamia vifaa vya QNAP vilivyofikika kutoka nje, wakayafunga mafaili kwa nywila na kudai fidia. Isitoshe, si kila sauti ni ya kila sikio. Mwanamke aliyekubali kumwimbia mtafiti wa kike nyimbo za ndani hakuridhia zichezwe bwenini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu anayeweza kutambulika, na sauti humtambulisha mwenyewe kwa jirani zake wote. Kwa sababu hiyo, kila faili iambatane na daftari lake: nani aliyesema, wapi, lini, kwa lahaja gani, na aliruhusu nini.

Zipo pia kanda za zamani zilizolala katika makabati ya idara. Hizo hazina njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika. Wanafunzi wawili wawili, kwa zamu za asubuhi, waweza kuanza likizo hii ya Agosti, na waanze na zile ambazo maandishi ya vibandiko vyake bado yanasomeka, maadamu aliyeyaandika angalipo wa kuulizwa.