Simu si sanduku la nyimbo: wakaaji wa Lubumbashi, tuchague chombo cha muziki kwa akili

Mwaka jana yaya wangu aliibiwa simu ndani ya taksi-basi, kati ya mjini na Katuba. Mwizi aliondoka na namba za watu, picha za ndoa, na nyimbo 11 za mama yetu. Mama aliimba miaka mingi katika korali ya parokia. Alipoanza kuugua, yaya alikaa naye jioni kadhaa kwenye baraza, akamrekodi akiimba peke yake, bila ngoma wala gita. Miezi michache baadaye tulimzika. Siku ya kilio tulijifariji tukisema: afadhali tuna sauti yake.

Baada ya wizi ule tulitafuta kila mahali. Nyimbo 3 tu zilipatikana. Zilikuwa ndani ya kamashini kadogo ka muziki ka mtoto wa dada yetu, kale ka vitufe vitano, kasichoingia hata intaneti. Siku alipokanunua sokoni sisi sote tulimcheka: «Uko na simu, hiki kingine cha nini?» Leo hakuna anayemcheka tena.

Ndiyo sababu naandika. Kwa maoni yangu, mkaaji wa Lubumbashi anayependa muziki hapotezi makuta akinunua chombo cha pekee cha kusikilizia. Na anapokichagua, swali la kwanza lisiwe rangi yake wala ukubwa wa sauti yake. Swali liwe hili: nyimbo zangu zitabaki mikononi mwa nani?

Ulaya wamekwisha kuviacha, sisi je?

Najua watu wataniambia kwamba vyombo hivi vimepitwa na wakati. Kampuni ya Apple ilileta iPod mwezi wa Oktoba 2001, na mwezi wa Mei 2022 ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Kule intaneti haikatiki na umeme hauondoki. Mtu analipa kila mwezi, anafungua simu, nyimbo zote za dunia ziko pale. Siku anapoacha kulipa, nyimbo hizo zinaondoka, lakini yeye hana wasiwasi: kesho atalipa tena.

Sisi maisha yetu ni mengine. Tufanye hesabu. Wimbo unaosikilizwa kupitia intaneti kwa sauti ya kawaida unakula karibu mega 1 kwa dakika. Mtu anayesikiliza saa 2 kwa siku anakula zaidi ya mega 110. Kwa mwezi mzima inafika giga 3 na nusu, bila kuhesabu WhatsApp wala video hata moja. Kila mmoja wetu anajua bei ya mega katika mtandao wake. Azidishe mwenyewe, kisha aangalie makuta hayo yangenunua kilo ngapi za unga wa bukari.

Halafu kuna umeme. Laini kubwa inayotoka Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita karibu 1,700, na bado katika kartie nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi umeme unakuja kwa zamu. Delestaji tumeizoea kama mvua ya Januari. Siku ya giza, simu ndiyo tochi, ndiyo benki, ndiyo njia ya kumwita daktari usiku mtoto akipata homa. Kumaliza batri yake kwa muziki ni kuchoma makala yote mchana na kukosa ya kupikia jioni.

Chombo kidogo cha muziki hakina kioo kikubwa cha kuwasha wala hakitafuti mtandao. Kwa hiyo hata vile vya bei ndogo vinaweza kucheza saa nyingi kwa chaji moja, na pano ndogo ya jua inatosha kukijaza.

Mambo matano ya kuangalia sokoni

Ukienda soko la Kenya, ama kwenye meza za wauzaji karibu na Posta, utaona vyombo vya kila namna. Muuzaji atasema: «Papa, hiki ni orijino.» Usibishane naye. Angalia mambo haya matano.

La kwanza ni kadi. Chagua chombo chenye nafasi ya kuingiza kadi ndogo ya memori. Kile kinachohifadhi nyimbo tumboni mwake tu, siku kikifa kinakufa nazo. Kadi inatoka, inaingia katika chombo kingine, maisha yanaendelea. Kadi ya giga 8 inatosha nyimbo karibu 2,000 za dakika nne kwa sauti ya kawaida, au karibu 800 kwa sauti safi zaidi ya MP3. Vyombo vingi vya bei ndogo havipokei kadi inayozidi giga 32, basi usilipie giga 128 ambazo chombo chako hakitazisoma.

Tena ujihadhari: kuna kadi za uongo. Juu wameandika giga 64, ndani kuna 8. Mwanzoni inakubali kila kitu, halafu nyimbo zinaanza kuharibika moja moja. Dawa ni rahisi. Ukinunua, ijaze kabisa siku hiyo hiyo, kisha cheza nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikikataa, irudishe kabla muuzaji hajasahau sura yako.

La pili ni tundu la visikizio, vile tunavyoita ekuteri. Chukua chombo chenye tundu la kawaida la duara. Ekuteri za waya zinapatikana kila kona, hazihitaji kuchajiwa, na katika vyombo vingi waya huo huo ndio antena ya redio. Zile zisizo na waya ni nzuri, lakini sasa utakuwa na vitu viwili vya kuchaji badala ya kimoja.

La tatu ni redio. Chombo chenye FM kinakupa Radio Okapi, RTNC na redio zetu nyingine za mji bila kulipa mega hata moja. Siku intaneti inapokatwa, na sisi Wakongo tumeyaona hayo, redio ndiyo inayobaki.

La nne ni batri. Uliza kama inatoka na kama nyingine inapatikana. Batri za aina ya lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, zinachoka baada ya miaka michache hata ukizitunza. Nyingi za vifaa vidogo zina kobalti ndani yake, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, Haut-Katanga na Lualaba. Udongo wetu unaondoka kwa malori na unarudi ndani ya kiboksi tunachokilipia ghali. Angalau tusikubali kulipia kile ambacho kinatupwa jalalani kwa sababu batri imefungwa kwa gundi.

La tano ndilo lililotuumiza sisi: muundo wa nyimbo. Karibu kila chombo kinasoma MP3. Lakini simu nyingi zinaporekodi sauti ya mtu zinaihifadhi kwa muundo mwingine, kama M4A au AMR, na vyombo vya bei ndogo mara nyingi vinaukataa. Mtoto wa dada yetu alikuwa amechukua nyimbo zote 11 za mama. Chombo chake hakikucheza hata moja. Kijana wa kibanda cha kompyuta na fotokopi akamgeuzia 3 kuwa MP3, kwa majaribio. Zikacheza. Zile 8 akasema atazirudia siku nyingine, akazifuta kwanza ili apate nafasi. Siku nyingine haikufika.

Masikio hayana duka

Jambo moja la afya, hasa kwa vijana wanaosafiri kila siku katika taksi-basi. Injini inapiga kelele, konda anaita abiria, redio ya dereva iko juu, na wewe unapandisha sauti ya ekuteri ili ushinde zote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Shirika hilo linashauri tusizidishe asilimia 60 ya nguvu ya chombo. Chagua ekuteri zenye mpira laini unaoziba sikio vizuri: zinapunguza kelele ya nje, na hutahitaji kupandisha. Lakini ukivuka barabara, zitoe. Sikio likikufa, hakuna soko linaloliuza.

Na asiye na makuta ya vyombo viwili?

Mtu mmoja ataniuliza kwa haki: «Mimi hata simu nimeipata kwa shida, unaniambia ninunue cha pili?» Hapana. Nia yangu si kumwongezea mtu mzigo. Mwenye simu moja anunue kadi nzuri ya memori, na anapoiingiza, simu ikiuliza kama kadi iwe sehemu ya simu ama iwe ya kubeba, achague ya kubeba. Simu nyingi za Android zikifanya kadi kuwa sehemu yao, zinaifunga kwa namna ambayo hakuna kifaa kingine kitaisoma. Simu ikiibiwa au ikifa, hata kadi uliyobaki nayo mkononi inakuwa kipande cha plastiki.

Kisha nyimbo ambazo haziwezi kununuliwa tena aziweke mahali pa pili: flashi iliyokaa nyumbani, kompyuta ya shemeji, chombo cha mtoto. Wimbo wa nyota mkubwa ukipotea utaupata kesho. Sauti ya babu akisimulia jinsi alivyofika kufanya kazi kwa Union Minière, utaipata wapi?

Nani aliyetutunzia nyimbo zetu?

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1952, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alifika Jadotville, Likasi ya leo, na mashini yake ya kurekodi. Alimkuta kijana anayepiga gita kwa namna yake mwenyewe: Mwenda Jean-Bosco. Wimbo wake «Masanga» ulizunguka dunia, na hadi leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Édouard Masengo naye alifikisha gita la Katanga hadi Nairobi. Mzee Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini kijana wa leo anaweza bado kumsikia kwa sababu kanda zile ziliwekwa katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini, zikaandikwa majina na tarehe.

Tunamshukuru aliyezitunza. Lakini inauma kidogo kwamba kumbukumbu za baba zetu tunakwenda kuziomba mbali. Na ni wangapi walioimba Kamalondo, Kenya, Likasi na Kipushi bila mtu wa kuja na mashini? Ngoma za wachezaji wa zamani, nyimbo za korali, nyimbo za mama wakitwanga, zote ziliondoka na wenyewe.

Leo mashini ile ya Tracey, iliyobebwa kwa gari, iko ndani ya mfuko wa kila mmoja wetu. Kurekodi si shida tena. Shida ni kwamba tunarekodi kila kitu na hatutunzi kitu. Tunaiachia simu, na simu za Lubumbashi, tunajua sote, hazizeeki mfukoni mwa mtu mmoja.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda sokoni kuchagua chombo cha muziki, usichague kama mtu anayenunua pambo. Chagua kama mtu anayenunua sanduku la kuwekea vitu vya ukoo: liwe na kufuli unayoifungua mwenyewe, na liwe rahisi kuhamisha vilivyomo. Na jioni ya leo, kabla ya delestaji, fungua simu yako, tafuta ile sauti moja usiyoweza kuipata tena, uigeuze kuwa MP3, uiweke mahali pawili.

Sisi tumebaki na nyimbo 3. Kila mtu wa nyumba yetu sasa anazo.