Ungejuaje Kama Si Mimi?

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu mawifi, na barua zenu kuhusu mawifi ninazo, zimejaa droo nzima. Lakini mawifi hawakimbii. Kuna jambo limetokea sebuleni kwangu na nimeona nilitoe likiwa bado la moto.

Lilianza na katuni. Usicheke. Mume wangu ni miongoni mwa wale wanaume ambao ukivuta boksi lao chini ya kitanda, badala ya picha za wapenzi wa zamani unakuta vitabu vya katuni vya Kimarekani, vingine havina jalada, alivyokuwa akinunua kwa wauza vitabu vya mitumba enzi yuko sekondari. Nilipoolewa nililikuta boksi hilo na nikalihama nalo nyumba tatu bila kulalamika. Kila ndoa ina boksi lake.

Sasa Jumamosi moja mvua inanyesha, watoto wamelala, tukakaa tukaangalia kwa mara ya pili Secret Invasion, ule mfululizo wa mwaka 2023 wenye vipindi 6 ambamo Samuel L. Jackson anaigiza kama Nick Fury. Umeme ukakatika. Tukabaki gizani kimya, kila mtu anasubiri mwenzake aende kutafuta mshumaa. Ndipo akaniuliza, "Mke wangu, hivi ungejuaje kama si mimi?"

Nikajibu haraka kama mwanafunzi aliyesoma. Wewe unaweka vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Unalala upande wa ukutani. Ukikasirika unaanza kupanga viatu. Hawezi mtu kuniigizia hayo.

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Basi mimi siye mumeo."

Ngoja kwanza nikueleze hao viumbe, maana najua wengi wenu hamna boksi chini ya kitanda.

Skrull ni kabila la viumbe wa anga za juu katika katuni za kampuni ya Marvel ya Marekani. Waliwatunga Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, wakatokea mara ya kwanza katika toleo namba 2 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Januari 1962. Ngozi kijani, masikio yamechongoka, kidevu kina mifereji kama udongo uliofinyangwa na mtoto. Ila sura yao yenyewe huioni mara nyingi, kwa sababu kazi yao ni kuvaa ya mwingine. Katika hadithi hiyo ya kwanza, Skrull wanne walijigeuza wakawa wale mashujaa wanne wa Fantastic Four, wakafanya uhalifu kwa sura zao ili dunia iwachukie mashujaa wenyewe. Mwishoni, shujaa Reed Richards alimtisha kiongozi wa wavamizi kwa kumwonyesha picha za majitu zilizotoka kwenye vitabu vya katuni, yule akaamini kuwa ndiyo majeshi ya dunia, akageuza meli zake akatoweka. Skrull watatu waliobaki walizugwa akili wakajigeuza ng'ombe na kusahau kwamba waliwahi kuwa kitu kingine. Wakaachwa malishoni hivyo hivyo. Mwaka 1983 ikaja hadithi ya mji ambao watu wake walikunywa maziwa ya ng'ombe wale na yakawabadilisha. Nimekuwekea hilo bure, halina uhusiano na mada, ila tangu nilisome nayatazama maziwa kwa jicho lingine.

Ukikumbuka Marekani ya miaka ile, unaelewa kwa nini kiumbe wa namna hii alipata soko. Watu walikuwa wakiambiwa kwamba jirani anayekupungia mkono asubuhi anaweza kuwa jasusi wa Warusi. Sisi tuliokulia Pwani tulipewa njia rahisi zaidi: ukikutana na mrembo njiani usiku, mtazame miguu. Akiwa na kwato, kimbia. Bibi yangu hakuwa na shaka yoyote juu ya jambo hilo.

Tatizo la Skrull ni kwamba hana kwato. Anakuwa na sauti ya mtu, kovu la mtu, kicheko cha mtu. Alama ya uhakika ni akifa, hapo ndipo sura inarudi. Mwaka 2007 mashujaa walimuua mpiganaji aitwaye Elektra, na maiti ikageuka kijani mbele yao. Mwaka uliofuata, 2008, mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Leinil Francis Yu wakatoa Secret Invasion ya vitabu, matoleo 8, ambamo Skrull walishapata mbinu ya kutogundulika kwa mashine, kwa uchawi, wala kwa wale wenye uwezo wa kusoma mawazo. Malkia wao, Veranke, alikuwa amekaa katikati ya mashujaa kwa sura ya Spider-Woman. Anakula nao, anapigana nao bega kwa bega. Mashujaa wakaanza kutazamana vibaya wenyewe kwa wenyewe, ambayo ndiyo ilikuwa nusu ya vita.

Lakini mimi vita havinisisimui sana. Iliyonishika ni ya Lyja.

Kulikuwa na dada anaitwa Alicia Masters, mchongaji wa sanamu, haoni, na sura za watu anazifahamu kwa vidole. Alikuwa mpenzi wa Ben Grimm, yule shujaa ambaye mwili wake uligeuka mawe. Katikati ya miaka ya 1980 Ben akabaki mbali, kwenye sayari nyingine. Aliporudi akakuta Alicia yuko na Johnny Storm, kijana wa moto, rafiki yake na mwenzake katika kundi. Roho ikamuuma, lakini akameza. Mwaka 1987, katika toleo namba 300, Johnny na Alicia wakafunga ndoa. Halafu mwaka 1991, toleo namba 357, ikafichuka kwamba yule mke hakuwa Alicia hata siku moja. Alikuwa Lyja, mwanamke wa Kiskrull aliyetumwa kumchunguza Ben, akamkosa Ben, akampenda Johnny kweli kweli. Alicia mwenyewe alikuwa amelazwa usingizi mikononi mwa Skrull muda wote huo.

Sasa sikiliza jambo ambalo mume wangu alinieleza na likaninyima usingizi. Waliotunga mapenzi yale ya Johnny na Alicia, na walioandika harusi, hawakuwa na habari yoyote ya Skrull. Harusi ilipochorwa mwaka 1987 ilikuwa harusi ya kweli. Bibi harusi alikuwa Alicia, na kiapo kilikuwa kiapo. Ni mwandishi mwingine, Tom DeFalco, alipoupokea mfululizo ule mwaka 1991, ndiye aliyeamua kwamba mke yule awe Skrull. Kwa hiyo uongo haukuwepo siku ya harusi. Uliingizwa miaka minne baadaye, ukarudi nyuma ukaichafua.

Nimekaa kwenye kiti hiki cha uhariri miaka kadhaa sasa na nimesoma barua nyingi za watu waliogundua kwamba wenzao wana nyumba nyingine, au watoto wengine, au madeni ambayo hayakutajwa. Unajua wanachouliza? Wachache wanauliza wafanye nini kesho. Wengi wanauliza kuhusu jana. Ile safari ya Bagamoyo ilikuwa kweli? Siku mama yangu amefariki alipolia pale msibani, alilia kweli? Wanarudi kwenye albamu, wanatazama picha moja moja, wanatafuta kidevu chenye mifereji. Mambo ya kesho mtu anaweza kuyapanga. Kinachomtesa ni picha ya mwaka fulani, ambayo siku ilipopigwa ilikuwa ya furaha na sasa hajui aiite nini.

Wasomaji wa katuni wamebishana sana kama Lyja alistahili kusamehewa. Aliwahi kujitupa mbele ya shambulio lililokuwa limemlenga Johnny, kwa hiyo mapenzi alikuwa nayo, hilo silikatai. Mimi namfikiria Alicia. Ameamka anakuta dunia inasema ameolewa na mtu asiye wake, na kwamba miaka yake yote ile imeishiwa na mtu mwingine, na waliokuwa wakila naye meza moja wakaridhika. Aliyekuwa anaitikia jina alitosha. (Kama ulikuwa na wasiwasi: mwishowe yeye na Ben walifunga ndoa, mwaka 2018. Nilifurahi kama nimealikwa.)

Tumerudi gizani sebuleni.

"Sinywi sukari," mume wangu akasema. "Tangu mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu. Hiyo ni miezi saba, mpenzi msomaji. Nikahesabu vikombe. Asubuhi na jioni, meza ile ile, mimi nikiwa mkabala naye na simu mkononi nikirekebisha kurasa za watu wengine, nikiandika vichwa vya habari kama "Dalili za Kuonyesha Mwenzi Wako Amebadilika". Kopo la sukari lilikuwa haliishi haraka kama zamani. Nililiona. Nikadhani ni bahati.

Nikamuuliza kwa nini. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kazini kwao walipimwa afya, yeye sukari ikakutwa juu. Akarudia kipimo kwingine, ikawa juu tena. Akapewa dawa na ushauri. Dawa anaziweka kwenye droo ya ofisini kwake. Miezi saba anakunywa mchana akiwa kazini, anarudi nyumbani, anavua viatu, anakuwa yule ninayemjua.

Nilitaka kugomba, na kwa kweli niligomba kidogo. Nikamwambia ndoa gani hii. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba baba yake alipopata sukari, mama yao aliacha kumwita mume wake, akaanza kumwita "mgonjwa". Mgonjwa amekula? Mgonjwa ameoga? Mpaka walipomkata mguu na mpaka anafariki, hakurudi kuwa mume. "Nilitaka nibaki yule unayemjua," akasema.

Yaani mwanaume alikuwa anajiigiza yeye mwenyewe. Kwa miezi saba alivaa sura yake ya zamani akakaa nayo mezani, na mimi, mwenye shahada ya mawasiliano kutoka chuo kikuu, niliyefundishwa mchoro wa mtumaji na ujumbe na mpokeaji na kelele za katikati, nikapokea bila kuuliza. Ningekuwa naweza kusema alinidanganya na nikaishia hapo, ningeshinda kesi. Lakini kila nikitaka kuifungua, kile kikombe kisicho na sukari kinasimama ushahidi upande wake. Hakukificha. Kilikuwa mezani.

Katika ule mfululizo wa 2023 kuna jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Mke wa Nick Fury ni Skrull, na Fury anajua. Amejua siku zote. Sura anayoivaa mama yule ni ya mwanamke aliyekuwa anakaribia kufa, akaichukua kwa ridhaa yake. Wamekaa kwenye ndoa yao na sura hiyo, mume anajua, mke anajua kwamba mume anajua, na hakuna anayegusa jambo hilo. Mpaka kipindi cha mwisho, Fury anapombusu akiwa kijani, na masikio yake, na kidevu chake. Mara ya kwanza niliona ni mapenzi ya sinema tu. Tuliporudia, baada ya umeme kurudi, nilimtazama mume wangu pembeni badala ya kutazama skrini.

Wiki iliyofuata tulikwenda naye kliniki. Nilikaa kwenye benchi la nje nikashika kadi yake, nikazisoma tarehe zote saba nisizokuwepo. Mwezi wa nane alikwenda siku ya kuzaliwa kwangu asubuhi, akarudi na keki, akasema yeye ameshiba. Dawa zimehama kutoka ofisini, ziko jikoni karibu na chumvi. Simwiti mgonjwa. Nikisahau nikamuuliza kwa sauti ile kama amekula, ananitazama tu, nami najirekebisha. Hatujamaliza. Bado kuna siku nina hasira, na kuna siku nahisi yeye ndiye anayestahili kuwa na hasira na hajaanza.

Jumapili usiku, taa zimezimwa, nikamgeuzia swali lake. Na wewe je, ungejuaje kama si mimi?

Akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilidhani amelala.

"Nipe wiki moja nikuangalie kwanza," akasema.

Wiki hiyo inaisha kesho. Mawifi, tukutane mwezi ujao.