Acheni Kutuuzia Tairi Pacha

Mwaka jana niliingia duka moja la baiskeli hapa Nairobi nikiwa na shilingi 3,500, nikaomba tairi moja. Moja tu, ya mbele. Muuzaji aliniangalia kama mtu aliyeomba kiatu kimoja. "Bosi, hizi zinaenda pea," akasema. Nikamwambia ya nyuma bado iko sawa. Akajibu kwamba havunji seti, na isitoshe, baiskeli yenye tairi mbili tofauti inakaa ya kuokotezwa. Kulikuwa na watu nyuma yangu na nikaona haya. Nikabeba pea ya bei ya chini, yenye meno marefu ya kutisha, imeandikwa kwamba inafaa kila mahali.

Wiki tatu baadaye nilikuwa chini, msitu wa Karura, kwenye kona ya kuteremka chini ya mikaratusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tairi ya mbele iligusa mzizi uliolowa na kabla sijasema "aki" nilikuwa nimelalia bega. Mfupa wa mtulinga, ule ulio kati ya shingo na bega, ulivunjika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na ninaishi kwa kuandika. Wiki sita za kuchapa kwa mkono mmoja si hadithi ya kishujaa. Ni kodi ya nyumba ambayo haikulipwa na mhariri ambaye aliacha kujibu barua pepe.

Najua mtasema nini: ni wewe hukujua kuendesha. Labda. Nilifunga breki katikati ya kona, na hilo ni kosa langu. Lakini kuna kosa lingine lililofanywa dukani, na linafanywa kila siku kwa kila kijana anayenunua baiskeli ya mlima hapa mjini. Tunauziwa tairi kama soksi, ya kushoto na ya kulia zifanane, wakati tairi mbili za baiskeli hazifanyi kazi moja.

Ya mbele kazi yake ni kushika. Ndiyo inayokata kona, na ukifunga breki uzito wako unakimbilia kwake. Ya nyuma kazi yake ni kubeba na kusukuma. Umeikalia, mnyororo unaizungusha, na ikiwa nzito kuzunguka ndiyo itakayokula miguu yako kwenye mlima. Ya nyuma ikiteleza, unasikia kiuno kikiyumba, unajisawazisha, unaendelea kupiga stori na wenzako. Ya mbele ikiteleza, mara nyingi unajua umeanguka ukiwa tayari umeanguka.

Wala hii si nadharia ya msee wa Rongai. Watengenezaji wenyewe wanajua. Panaracer ya Japani iliuza tairi iitwayo Dart ya mbele na Smoke ya nyuma. WTB ya Marekani ilitoa Velociraptor moja ya mbele na nyingine ya nyuma, yenye meno yaliyopangwa tofauti. Ukichungulia baiskeli za mtumba za zamani zinazoshushwa hapa kutoka Ulaya, hutakosa moja iliyofungwa hivyo. Kwa hivyo yule aliyeniambia tairi tofauti ni za kuokoteza, alikuwa anacheka kitu ambacho hakijui.

Sasa chukua njia yangu ya Jumapili. Natoka Rongai kwa lami hadi Kiserian, napanda Kona Baridi, halafu naingia vilima vya Ngong: vumbi, kokoto zilizolala juu ya ardhi ngumu, nyasi, mawe. Mwezi wa 2 njia hiyo ni unga. Mwezi wa 4 njia hiyohiyo ni sabuni. Hakuna tairi moja inayopenda yote hayo, hata iandikwe nini ubavuni. Unachoweza kufanya ni kugawanya kazi. Mbele weka pana kidogo, yenye raba laini, meno yaliyoachana ili tope litoke, na meno ya pembeni yaliyosimama imara kwa ajili ya kona. Nyuma weka nyembamba kidogo, yenye meno mafupi yaliyobanana katikati, ili kwenye lami usijione unavuta mkokoteni.

Na haya meno marefu tunayoyapenda kwa picha? Yanafaa kwenye tope laini, yanapoweza kuzama na kushika. Kwenye mzizi uliolowa au jiwe, hayana pa kuzama. Hapo kinachokuokoa ni ulaini wa raba na upepo usiozidi. Kwenye lami yanalia tu na kuisha. Ukienda Kitengela mvua ikinyesha, ule udongo mweusi utajaza meno hadi gurudumu ligome kuzunguka. Dawa ya pale ni kushuka na kubeba baiskeli begani, kama bega lako ni zima.

Upepo nao ni vita vingine. Mafundi wetu wengi, nawaheshimu, hujaza tairi hadi iwe jiwe, kwa sababu wamezoea baiskeli za kubeba maziwa na magunia. Namba kubwa iliyo ubavuni ni kikomo cha tairi. Si ushauri wa fundi. Mimi nina kilo 68, natumia tyubu, na kwa tairi ya upana wa inchi 2.1 najaza psi 30 mbele na 34 nyuma. Ukishuka sana, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na utapata matundu mawili yanayofuatana. Ukipata hayo, ongeza kidogo. Ni kujaribu tu, na pampu yenye kipimo.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: doo. Rafiki yangu aliniambia kuchagua tairi ni mambo ya wasee wa wikendi, wale wanaoleta baiskeli Karura juu ya gari. Sisi wengine tunafunga tunachopata. Lakini pea ndiyo inayomkomoa asiye na pesa. Mwenye pesa hata akinunua pea mbaya, mwezi ujao atanunua nyingine. Ambaye ana pesa ya tairi moja nzuri, akilazimishwa pea, anaondoka na tairi mbili mbaya. Mwachie anunue moja nzuri, aifunge mbele, na ile kuukuu iendelee kuteseka nyuma, ambako hata nzuri ingeisha haraka.

Bega lilipopona sikurudi duka lile. Nilienda kwa fundi wa kando ya barabara mwenye rundo la tairi zilizotolewa kwenye baiskeli za mtumba. Nikatafuta namba 559 ubavuni, kwa sababu rimu zangu ni za inchi 26; za 27.5 ni 584 na za 29 ni 622. Nikaikunja kuangalia nyufa, nikaibonyeza kwa ukucha kupima kama raba bado ni laini. Nikalipa shilingi 1,200 na nikaifunga mwenyewe, mshale wa ubavuni ukielekea mbele.

Juzi nilipita kona ileile ya Karura, polepole, breki nikiwa nimeshaiachilia kabla ya kuingia. Mzizi bado upo. Baiskeli yangu inakaa ya kuokotezwa na sijali. Wewe ukiingia duka hilo au lingine, omba tairi moja. Wakikataa, toka, hata kama kuna foleni nyuma yako.