Mpira Mmoja au Miwili?

Kijana mmoja wa kigango chetu hapa Mpanda, utingo wa lori la matela mawili, aliniuliza: “Bwana karani, tajiri wangu ataka kuondoa mipira pacha ya matela, atie mipira mipana, mmoja mmoja kila upande. Je, ni akili?”

Faida zipo. Mpira mpana na rimu yake ni mwepesi kuliko ile miwili pamoja. Matela huvutwa kwa wepesi, na mafuta huokolewa. Tena hakuna mawe ya kunasa katikati ya pacha.

Lakini sikilizeni na hasara. Mpira mmoja hukanyaga mahali padogo kuliko miwili, basi kwa mzigo ule ule huichimba barabara zaidi. Ndiyo maana sheria ya mizani ya Afrika ya Mashariki ya 2016 huruhusu tani 24 kwa ekseli tatu zenye mipira pacha, bali tani 22.5 tu zikiwa na mipira mipana. Na ukipasuka porini kati ya Koga na Mpanda, hauna mwenzake wa kushika mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Lami ya Tabora hadi Mpanda ilifunguliwa rasmi 2022. Njia hiyo hutoa mahindi na mpunga wetu, na hupeleka wagonjwa wetu. Ikichimbika, tajiri atanunua mpira mwingine. Sisi tutanunua wapi barabara?

Nilimjibu kijana: “Akitia mipira mipana, apunguze mzigo na achukue wa akiba. Akikataa kupunguza, abaki na pacha.”