Pipa la Unga Halikujaa



Jumatatu moja asubuhi, baada ya Misa ya kwanza, nilimkuta mama mmoja ananisubiri barazani kwenye nyumba ya mapadri. Hayakuwa maungamo, ndiyo maana naweza kuyasimulia, tena yeye mwenyewe ameniruhusu. Anakaanga maandazi na kuuza chai karibu na kituo cha daladala. Mumewe, dereva wa bodaboda, alipata ajali akavunjika mguu, na mama akakopa shilingi 300,000 kwa wale watu ambao mikopo yao mitaani tunaiita kausha damu. Masharti yalikuwa marejesho ya shilingi 12,000 kila siku kwa siku 30, Jumapili ikiwemo. Piga hesabu mwenyewe. Fedha yote iliishia kwenye matibabu, na kufikia siku ya tisa hata mtaji wa maandazi ulikuwa umeliwa na marejesho. Siku aliyokuja kwangu alikuwa amekosa kulipa mara mbili, na alikuwa ameambiwa kwamba godoro na jiko la gesi vitachukuliwa.

Nilimsikiliza, kisha nikamwambia lile neno ambalo sisi mapadri tunalo mdomoni wakati wote: "Mama, mtumaini Mungu."

Akanitazama bila hasira. "Baba, ninamtumaini. Ila hao watu wanakuja saa nne."

Sikuwa na la kujibu. Nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi seminarini, nimehubiri tumaini kwa zaidi ya miaka 25, na pale barazani nilibaki nimeshika funguo zangu tu. Ndani, chai yangu ilikuwa imekwisha kuandaliwa mezani. Niliona aibu, na nadhani aibu ile ilikuwa neema.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi kwa mjane wa Sarepta, katika sura ya 17 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Tunamsikia kanisani katika Dominika ya 32 ya Mwaka B, siku moja na yule mjane wa Injili aliyetoa senti zake mbili hekaluni. Unaifahamu habari yake. Nchi ina ukame. Nabii Elia alikuwa amejificha penye kijito cha Kerithi, kunguru wakimletea chakula, mpaka kijito nacho kikakauka. Tusilipite hilo haraka: Elia alikuwa pale alipoagizwa na Mungu, amefanya alichoambiwa, na maji yakakauka vilevile. Ukiwa mtiifu kwa Mungu na bado kijito chako kikakauka, usikubali mtu akuambie kwamba lazima una dhambi iliyofichika.

Kisha Mungu anamtuma Sarepta, mji wa pwani katika nchi ya Sidoni, kwao malkia Yezebeli aliyekuwa akiwaua manabii. Anayetumwa kumlisha ni mwanamke mpagani, mjane, ambaye Elia anamkuta langoni akiokota kuni. Ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Amepanga apike mkate wa mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa. Elia anamwomba amtengenezee yeye kwanza.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana habari hii imetumika vibaya sana. Wapo wahubiri wanaoishika ili kumtoa maskini noti yake ya mwisho: panda mbegu, toa kwanza, utabarikiwa. Na sisi Wakatoliki tusijione wasafi. Najua matangazo ya michango ya ujenzi baada ya Komunyo yanavyoweza kumkera mtu ambaye hakula jana. Lakini soma vizuri. Elia hakupokea mkate akaondoka zake. Alikaa katika nyumba ile, akala kutoka pipa lilelile, siku nyingi. Kama lingekauka, wangelala njaa wote watatu. Anayemwambia mwenzake amtumaini Mungu, naye hayuko tayari kuishi na pipa la huyo mwenzake, hajaifikia bado nafasi ya Elia. Hilo lilinipata mimi kwanza, pale barazani.

Jambo la pili nililiona nikiwa nimechelewa mno kwa mtu wa umri wangu. Kwa miaka mingi niliisoma habari hii nikiwaza pipa lililojaa unga mpaka juu. Maandiko hayasemi hivyo. Yanasema unga haukwisha wala mafuta hayakupungua. Methali yetu husema haba na haba hujaza kibaba; kwa mjane huyu haba ilibaki kuwa haba. Mwazie kila alfajiri, anainama, anaingiza mkono mpaka chini, anakwangua, anapata wa leo. Kesho yake hana cha kumhakikishia isipokuwa kwamba jana alipata. Hakupewa ghala ambalo angeweza kulitazama usiku akalala kwa amani. Alilazimika kuinama tena.

Sisi, ndugu yangu, tunataka ghala. Tunamwomba Mungu atuoneshe ada ya shule ya mwaka mzima, kodi ya miezi sita, majibu ya daktari kabla ya kipimo, ndipo tumtumaini. Wana wa Israeli nao walijaribu jangwani: mana waliyoiweka mpaka asubuhi ilitoa funza. Naye Bwana wetu alipotufundisha kusali, alituwekea ombi la mkate wa siku moja. Sisemi usiweke akiba. Weka akiba, lipa bima ya afya ukiweza, na tafadhali usikope kausha damu. Nasema tu kwamba akiba ikikosekana, Mungu hajakosekana.

Somo la Dominika ile linaishia aya ya 16, mahali pazuri. Ukifungua Biblia yako nyumbani, aya ya 17 inaanza na mtoto wa mjane kuugua mpaka pumzi ikamtoka. Baada ya muujiza wote ule! Mama anamgeukia Elia kwa uchungu na kumuuliza kama amekuja kumkumbusha dhambi zake na kumuua mwanawe. Elia hamkemei. Hamwambii kwamba imani yake ni haba. Anamchukua mtoto, anapanda naye chumba cha juu, na huko yeye mwenyewe anamlalamikia Mungu: huyu mjane ninayekaa kwake, hata yeye unamletea ubaya? Anajilaza juu ya mtoto mara tatu, anaomba, na uhai unarudi. Sehemu hiyo tunaisoma Dominika ya 10 ya Mwaka C, mbali sana na ile ya kwanza, na waamini wengi hawajui kwamba ni nyumba ileile na mama yuleyule.

Kwa hiyo ukiwa umepiga magoti mbele ya Ekaristi na linalokutoka ni lawama, endelea. Nabii naye alilaumu, na Mungu alimsikia.

Utauliza mama wa maandazi aliishia wapi. Asubuhi ile nilimpigia simu mwenyekiti wa jumuiya yake, akaja na akina mama wawili wa WAWATA. Walimsindikiza nyumbani, wakawasubiri wale vijana wa marejesho, na baada ya maneno mengi wakakubaliana aongezewe siku na alipe kidogo kidogo. Hakuna aliyefuta deni. Jumuiya ikakusanya kilo kumi za unga wa ngano na lita tano za mafuta ili arudi kazini. Waliochanga, nusu yao nawajua: wana madeni yao. Mimi nilichangia sukari, na kusema kweli ningeweza kuchangia zaidi.

Mguu wa mumewe bado haujapona vizuri. Wiki iliyopita nilipita kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Nikanunua maandazi mawili na kumuuliza hali ya deni.

"Yamebaki marejesho sita, Baba."

"Na unga?"

"Wa leo upo. Wa kesho naangalia wateja watakavyokuja." Kisha akaniomba nisogee kidogo, maana nilikuwa nimewazibia njia.