Ahadi Moja, Vipimo Viwili



Mashauri ya ndoa yanapoletwa mbele ya wazee, mara nyingi tumeona jambo linalotusikitisha. Mume aliyezini huombewa msamaha. Mke aliyezini hufungiwa mizigo arudi kwao. Kosa ni lile lile, hukumu ni mbili.

Tukiwasikiliza wanandoa wa Njombe na Makambako, twaona kwamba wanaume wengi hupima uaminifu kwa mwili, tena kwa mwili wa mke. Wao wakilala kwingine, hujitetea kwamba hawakumwacha mke wala watoto hawakukosa chakula. Wanawake wengi hupima kwa upana zaidi. Kwao usaliti huanza siku fedha za mbao na viazi zinapoelekea nyumba ndogo, na mume anaporudi hana neno kwa watu wa nyumbani kwake. Kila upande una ukweli wake. Usaliti hauanzii kitandani. Na uzinzi ni jeraha kubwa kweli. Mume hukosea anapodhani kwamba jeraha hilo humuuma yeye peke yake.

Sheria haikubagua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mume, na vile vile mke, kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzi wake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1135, inawapa wanandoa wajibu na haki zilizo sawa. Tena tumkumbuke yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu. Torati ilidai wazinzi wote wawili wahukumiwe, lakini washtaki walimleta mmoja tu. Mwanamume alikuwa wapi?

Mkoani kwetu swali hilo ni la uhai. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Hatusemi kwamba kila mwenye virusi amezini, la hasha. Wala haifai kuwatwika lawama zote madereva wanaolala Makambako. Twasema hivi: mke anayemwomba mumewe waende wote wawili kupimwa asiitwe mjeuri. Anailinda nyumba.

Kwa hiyo twawasihi wasimamizi wa ndoa na wazee wa Jumuiya: waulizeni mume na mke maswali yale yale, na majibu ya kila mmoja yapewe uzito ule ule. Neno "vumilia" lisiwe la mke peke yake, wala msamaha usiwe haki ya mume peke yake. Anayesamehewa naye aonyeshe toba: aiache nyumba ndogo, na mapato ya shamba yarudi mezani pa familia.

Siku ya ndoa, mbele ya altare, wote wawili waliahidi uaminifu kwa maneno yale yale. Hatukusikia ahadi ya mume iliyo nyepesi na ya mke iliyo nzito. Basi tusiivumbue leo barazani.