Maegesho ya walemavu yaingizwe katika ukaguzi wa kazini



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalotuhusu walemavu na wafanyakazi wote kwa jumla. Nalo ni maegesho ya walemavu na usalama wetu mahali pa kazi.

Mimi nilikatwa mguu na mashine mwaka 1996 katika kiwanda kimoja mjini hapa. Wakati ule fidia ililipwa kwa sheria iliyotungwa tangu enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh. 108,000 tu. Tunaishukuru Serikali kwa kuiondoa sheria hiyo na kutunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Hali kadhalika, sheria ya viwanda ya mwaka 1950 nayo iliondolewa, ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Lakini kulipwa fidia ni jambo moja, na kurudi kazini ni jambo jingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda chenye watu 200 kinatakiwa kuwa na watu sita. Je, hao sita wanapita wapi? Getini kuna mtaro, mlangoni kuna ngazi, na mahali pa kivuli karibu na mlango pameandikwa "Meneja". Mwenye magongo anaambiwa aegeshe bajaji yake nje ya ukuta, kisha akanyage matope mpaka ndani. Akiteleza hapo, hiyo ni ajali ya kazini kama ajali nyingine yoyote.

Pale palipochorwa alama ya kiti cha magurudumu hali si nzuri pia. Nimeona mara nyingi gari la mtu mzima wa afya limeegeshwa juu ya alama hiyo, na mlinzi anaogopa kumwambia kitu kwa kuwa ni mkubwa. Alama isiyo na adhabu ni rangi tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wakaguzi wa usalama mahali pa kazi wasiishie kwenye mashine, kofia ngumu na mitungi ya kuzimia moto. Waikague pia njia yote ya mlemavu, kuanzia anaposhuka kwenye chombo chake mpaka anapofanyia kazi na chooni. Wakague vilevile namna atakavyotolewa moto ukizuka, kwani kengele haimsaidii kiziwi asipowekewa na taa ya kumwonya.

Pili, kitolewe kibali cha maegesho kinachotambulika nchi nzima, na kiwe cha mtu mwenyewe, si cha gari. Uingereza ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1971, na mwenye kibali hukitumia hata akiwa amebebwa na jirani yake. Tatu, anayeziba nafasi hiyo bila kibali atozwe faini, awe na cheo au asiwe nacho.

Wapo watakaosema kwamba walemavu wenye magari ni wachache, hivyo nafasi hizo zitakaa bure. Ndugu zangu, nafasi hiyo si ya motokaa peke yake. Ni ya bajaji, ya baiskeli ya magurudumu matatu, na ya teksi inayomshusha mtu asiyeweza kutembea. Isitoshe, ndoo moja ya rangi na mfuko wa saruji wa kusawazisha ngazi haviwezi kumfilisi mwajiri yeyote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataja mahali pa kazi miongoni mwa sehemu tunazopaswa kuzifikia bila vikwazo. Nawaomba wahusika walifikirie jambo hili, nao wafanyakazi wazima walidai pamoja nasi. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.

Mfanyakazi wa zamani wa kiwanda,
Morogoro.